Makovu ya moyo: kipimo kipi ulipie sasa, kipi kisubiri

Swali linalorudi kila mara kutoka kwa wasomaji ni hili: je, kuna kipimo cha damu, au picha, kinachoonyesha kama moyo unaota makovu? Wengine wameandikiwa karatasi yenye majina kama galektini-3 au ST2, na bei yake imewashtua. Wengine wana ndugu Ujerumani au India aliyewatumia habari za picha mpya ya PET inayoitwa FAPI, na ukoo umeshaanza kuchanga nauli. Wapo pia walioambiwa tu, "Moyo wako umetanuka," wakarudi nyumbani na hofu isiyo na jina.

Najibu nikimfikiria mtu anayelipa kutoka mfukoni, kwa sababu wengi wetu ndivyo tunavyotibiwa. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kipimo kinastahili pesa yako iwapo jibu lake, liwe juu au liwe chini, litabadilisha jambo ambalo daktari atafanya. Kama majibu yote mawili yanaishia kwenye dawa zilezile na kliniki ileile, pesa hiyo inunue dawa.

Unachopima hasa ni nini

Ndani ya msuli wa moyo kuna chembe hai ziitwazo fibroblasti. Kazi yake ni kutengeneza kolajeni, yaani nyuzi zinazoushikilia msuli. Moyo ukiumia, iwe kwa presha ya miaka mingi, kwa mshipa kuziba au kwa vali mbovu, chembe hizi huamka na kumwaga kolajeni kuliko inavyohitajika. Msuli unakakamaa, haujai damu vizuri, na umeme wa moyo unaweza kupotea njia ukipita humo.

Mkanganyiko mwingi unaanzia hapa, maana vipimo vinavyotajwa haviangalii kitu kimoja. Chukua mfano wa nyumba inayojengwa:

- MRI ya moyo inaonyesha ukuta uliokwisha kusimama. Hilo ndilo kovu lenyewe.
- PET ya FAPI inaonyesha mafundi walioko kazini leo, hata kama ukuta bado haujaonekana.
- Vipimo vya damu "vya makovu" ni vumbi la saruji lililotoka nje ya geti. Unajua kuna ujenzi mahali fulani, lakini vumbi halisemi limetoka chumba gani, wala kama limetoka kwako au kwa jirani.

NT-proBNP, kipimo maarufu kuliko vyote, hakimo kabisa kwenye mfano huo. Chenyewe kinaeleza jinsi kuta za moyo zinavyovutwa na kulemewa. Hakipimi kovu, ingawa watu wengi wanauziwa kwa jina hilo.

Anza na hivi, kwa mpangilio huu

Kabla hujafikiria fibroblasti, hakikisha una haya mkononi:

1. Presha iliyopimwa ipasavyo. Uwe umekaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mkono uko usawa wa moyo, na ipimwe zaidi ya mara moja.
2. ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Ni cha bei ndogo na hakiumi.
3. Damu ya kawaida: kreatinini, potasiamu, wingi wa damu, sukari, na homoni za tezi ya shingo. Upungufu mkubwa wa damu au tezi iliyochachamaa huweza kumfanya mtu aonekane na ugonjwa wa moyo wakati tatizo lilianzia kwingine.
4. Eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti.

Kwenye eko usikubali kuondoka na sentensi moja. Omba ripoti iliyoandikwa, na ndani yake utafute namba iitwayo EF, yaani asilimia ya damu ambayo chumba cha kushoto cha chini kinasukuma kila kinapopiga. Ikiwa 40 au chini ya hapo, moyo umedhoofika kusukuma. Tafuta pia unene wa kuta, ukubwa wa chumba cha juu cha kushoto na hali ya vali. Mtu aliye na presha ya miaka, kuta nene, chumba cha juu kilichotanuka, na pumzi inayokata akipanda ngazi, tayari daktari wake anashuku ukakamavu wa msuli. Hahitaji galektini kumthibitishia.

Utafiti wa THESUS-HF, uliochapishwa mwaka 2012, ulifuatilia wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa katika nchi 9 za Afrika. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52, na chanzo kilichoongoza kilikuwa presha. Ndiyo maana naweka mashine ya presha juu ya orodha, mbele ya kila kitu chenye jina refu.

NT-proBNP: namna ya kuisoma bila kujidanganya

Hiki ni kipimo cha damu ninachokubali ulipie, hasa kama unakosa pumzi na haijulikani kama tatizo ni moyo au mapafu. Nguvu yake kubwa ni kuondoa shaka. Kwa mtu aliyefika ghafla hospitalini akihema, NT-proBNP iliyo chini ya 300 pg/mL inaufanya moyo kushindwa kuwa jambo lisilotarajiwa. Kwa mtu anayetembea kuja kliniki, mpaka huo ni 125.

Jibu likiwa juu, ndipo busara inapohitajika. Madaktari wa dharura hutumia mipaka inayofuata umri:

- chini ya miaka 50: zaidi ya 450
- miaka 50 hadi 75: zaidi ya 900
- zaidi ya miaka 75: zaidi ya 1,800

Sasa tazama karatasi ya maabara. Imeandikwa 1,450 pg/mL, pembeni kuna herufi H, na safu ya "kawaida" inasema chini ya 125. Mpe karatasi hiyo babu wa miaka 79 ambaye mapigo yake hayana mpangilio na figo zake zimechoka: namba hiyo inaweza kuwa ndiyo hali yake ya siku zote, na kwa umri wake haitoshi kuthibitisha kwamba moyo umeshindwa ghafla. Mpe karatasi ileile mama wa miaka 31 aliyejifungua wiki 6 zilizopita, anayelala ameegemea mito kwa sababu akilala chali anakosa hewa: huyo anatakiwa kufanyiwa eko leo, maana moyo wa mzazi unaweza kudhoofika mwishoni mwa mimba au katika miezi ya kwanza baada ya kujifungua. Herufi H ya maabara haikuweza kuwatofautisha wawili hawa.

Makosa ninayoyaona kila mara:

- Kulinganisha BNP na NT-proBNP. Ni vipimo viwili tofauti na namba zake hazilingani. Ukianza na kimoja, endelea na hichohicho, ikiwezekana maabara ileile.
- Kutotazama kizio. pg/mL na ng/L ni sawa kabisa. Lakini maabara ikiandika pmol/L, namba inakuwa ndogo zaidi ya mara 8. 125 pg/mL ni karibu 15 pmol/L. Kuna watu wamefurahia "kushuka" ambako hakukutokea.
- Kufurahia namba ndogo kwa mtu mnene. Unene huishusha NT-proBNP. Mtu mwenye uzito mkubwa, miguu imevimba na pumzi inakata, asirudishwe nyumbani kwa sababu ya namba pekee.
- Kushtuka kwa badiliko dogo. Kutoka 1,000 hadi 880 si ushindi, na kutoka 1,000 hadi 1,120 si msiba. Badiliko la chini ya asilimia 30 hivi laweza kuwa mabadiliko ya kawaida ya mwili.
- Kupima BNP ukiwa kwenye dawa yenye sakubitrili na valsatani. Dawa hiyo huzuia kimeng'enya kinachovunja BNP, kwa hiyo BNP inaweza kupanda wakati mgonjwa anapata nafuu. Kwake pima NT-proBNP.
- Kupeleka BNP safari ndefu. BNP huharibika ndani ya saa chache. Kama damu inatolewa Songea au Lodwar na kusafirishwa kwenda mji mkubwa, chagua NT-proBNP, ambayo inastahimili zaidi.

Na moja ambayo watu wachache wanaijua: vidonge vya nywele na kucha. Vingi vina bayotini kwa kiwango kikubwa, na baadhi ya mashine za maabara hutumia bayotini ndani ya kipimo chenyewe. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo mwaka 2017 na tena 2019 kwamba bayotini inaweza kutoa jibu la uongo, ikiwemo troponini, kipimo cha shambulio la moyo, kuonekana iko chini wakati mtu ana shambulio hilo. Dada zetu wanaomeza vidonge hivyo wamwambie daktari na mtoa damu, kabla sindano haijaingia. Kwa kipimo kisicho cha dharura mara nyingi utaambiwa usimamishe vidonge siku mbili tatu. Kwa maumivu ya kifua usisubiri chochote. Nenda, na uwaambie ukiwa hapo.

Galektini-3, ST2, PICP na wenzake

Hapa ndipo mifuko inapotobolewa. Nitakwenda haraka, kwa sababu uamuzi kwa wengi ni mmoja.

Galektini-3 hutolewa zaidi na chembe za kinga zinazochochea fibroblasti. FDA iliipitisha mwaka 2010, na mpaka unaotumiwa ni 17.8 ng/mL. Tatizo lake ni figo: figo zikichoka, inapanda hata kama moyo umetulia. Pia damu iliyoharibika wakati wa kutolewa, ikawa nyekundu kwenye majimaji yake, hupotosha jibu.

ST2 ina mpaka wa 35 ng/mL na haisumbuliwi sana na figo. Lakini haitoki kwenye moyo peke yake. Nimonia, pumu kali na maambukizi makubwa huipandisha. Usiipime ukiwa na homa na kikohozi halafu ukaambiwa moyo unaota makovu.

PICP na PIIINP ndizo zilizo karibu zaidi na kolajeni yenyewe, maana ni vipande vinavyokatwa wakati kolajeni inatengenezwa. Lakini kolajeni ndiyo inayojenga mifupa, ngozi na makovu ya ini pia. Aliyevunjika mguu miezi miwili iliyopita, kijana anayerefuka, na mwenye ini lililosinyaa, wote wanaweza kuwa na namba kubwa bila kosa lolote la moyo.

Nakubali kabisa kwamba vipimo hivi vina thamani. Vikiwa juu, mgonjwa wa moyo kwa ujumla yuko kwenye hatari zaidi, na mwongozo wa madaktari wa Marekani wa mwaka 2013 uliruhusu galektini-3 na ST2 vifikiriwe kama nyongeza. Lakini nyongeza hiyo ilipewa daraja la chini, la "inaweza kufikiriwa", na hakuna dawa ambayo daktari wako atakupa au kukunyima kwa sababu ya namba hiyo peke yake.

"Lakini nimesoma kwamba wenye PIIINP ya juu walinufaika zaidi na spironolaktoni." Umesoma sawasawa. Utafiti wa RALES, uliochapishwa 1999 na kuhusisha wagonjwa 1,663 wenye moyo uliodhoofika sana, ulionyesha kwamba spironolaktoni ilipunguza vifo kwa asilimia 30. Uchambuzi uliofuata ulionyesha faida ilikuwa kubwa zaidi kwa wenye alama za juu za kolajeni. Ila tazama kilichotokea baadaye: dawa hiyo leo inapendekezwa kwa kila mwenye EF ya chini anayeivumilia, awe amepimwa PIIINP au hajapimwa. Ni kidonge cha bei nafuu. Kulipia kipimo ghali ili uruhusiwe kidonge ambacho tayari unastahili, hapo sioni faida yako.

Ukiandikiwa kimojawapo cha vipimo hivi, muulize daktari kwa heshima:

- "Likitoka juu, utaniongezea nini? Likitoka chini, utaniondolea nini?"
- "Figo zangu, ini langu na mifupa yangu havitalipotosha jibu?"
- "Tutarudia lini, na kwa mashine ileile?"

Daktari mwenye sababu atayajibu. Mara nyingine utasikia, "Ngoja tuache kwanza," na hapo umeokoa pesa bila kugombana na mtu.

MRI: mahali ambapo kovu linaonekana kweli

Kama lazima ujue kovu lipo wapi na ni kubwa kiasi gani, hii ndiyo picha. Unadungwa dawa ya gadoliniamu kwenye mshipa. Inapita kwenye msuli mzima, lakini kwenye kovu inakawia kutoka, na baada ya dakika 10 hivi kovu linang'aa jeupe. Mashine nzuri hupima pia ukakamavu uliosambaa usioweza kuonekana kama doa, kwa namba inayoitwa ECV. Kwa moyo wenye afya namba hiyo huwa karibu na asilimia 25.

MRI inabadilisha maamuzi pale ambapo:

- moyo umedhoofika na chanzo hakijulikani;
- unazimia ghafla, au ndugu wa damu alikufa ghafla akiwa kijana;
- msuli ni mnene kupita kiasi, na daktari anajiuliza kama ni presha, ugonjwa wa kurithi au amiloidi;
- inafikiriwa kuwekewa kifaa cha kushtua moyo;
- kuna shaka ya moyo uliovimba baada ya maambukizi ya virusi.

Nje ya hapo, eko nzuri mara nyingi inatosha.

Kosa linalogharimu zaidi ni kulipia MRI ya kifua badala ya MRI ya moyo. Si kitu kimoja. MRI ya moyo inahitaji programu maalumu, nyaya za ECG zikiwa kifuani wakati wa picha, na mtu aliyefundishwa kuisoma. Piga simu kabla ya kusafiri uulize: "Mnafanya MRI ya moyo yenye picha za kovu baada ya gadoliniamu? Nani anaisoma?" Wakisitasita, tafuta kituo kingine.

Siku yenyewe ni kama saa moja ndani ya bomba lenye kelele, ukiambiwa mara kwa mara uzuie pumzi. Anayeshindwa kulala chali apunguzwe maji mwilini kwanza, vinginevyo picha zitatikisika na pesa itapotea. Taja kila chuma kilichomo mwilini: kifaa cha mapigo, klipu ya ubongo, kipande cha risasi, na uje na kadi ya kifaa kama unayo. Peleka jibu la kreatinini la karibuni, kwa sababu figo zilizochoka sana zinahitaji tahadhari kwenye gadoliniamu.

PET ya FAPI: habari njema ambayo bado haijafika kliniki ya moyo

Sasa tufike kwenye picha ambayo wengi mnaiulizia. Fibroblasti inapoamka, huweka juu ya ngozi yake protini iitwayo FAP, ambayo kwenye viungo vingi vya mtu mzima mwenye afya ni haba. Wanasayansi wa Heidelberg, Ujerumani, walitengeneza dawa zinazonata kwenye protini hiyo, wakazifungia chembe ya mionzi, na mwaka 2018 wakachapisha picha zilizoushangaza ulimwengu wa saratani. Moyo uliingia baadaye, na kwa bahati: wagonjwa wa saratani waliopigwa picha hizo walionekana wengine wanawaka moyoni, hasa wenye kisukari, presha au uzito mkubwa.

Huko Hannover, madaktari waliwapiga picha wagonjwa 35 ndani ya siku chache baada ya shambulio la moyo. Eneo lenye fibroblasti zilizoamka lilikuwa kubwa kuliko kovu lililoonekana kwenye MRI. Yaani mafundi walikuwa wamevuka mpaka wa jeraha na kuingia kwenye msuli uliosalimika. Na waliokuwa na eneo kubwa zaidi walielekea kuwa na moyo dhaifu zaidi baadaye. Mimi naliona hilo kuwa jambo kubwa. Kwa mara ya kwanza tunaweza kuona kovu likiwa bado linatengenezwa, wakati ambapo pengine linaweza kuzuiwa.

Hata hivyo, usifunge mizigo. Sababu ni hizi:

- Hakuna mpaka uliokubaliwa wa nini ni juu na nini ni chini kwa moyo.
- Hakuna dawa inayochaguliwa leo kwa kufuata picha hiyo. Panya wametibiwa kwa chembe za kinga zilizoelekezwa kuwinda FAP, kazi iliyochapishwa na watafiti wa Pennsylvania mwaka 2019 na tena 2022, lakini hayo bado si matibabu ya mgonjwa wa moyo.
- Kuwaka si lazima kuwe kubaya. Baada ya shambulio, moyo unahitaji kovu ili ukuta usipasuke. Kuzima fibroblasti zote mapema kunaweza kuua.
- FAPI huwaka pia kwenye kidonda kinachopona, mshono wa upasuaji, maungio yenye baridi yabisi, mji wa mimba na uvimbe wa saratani.
- Kovu la zamani lililotulia linaweza lisiwake kabisa. Aliyepata shambulio miaka mingi nyuma anaweza kupata picha safi akiwa na kovu kubwa.

Kosa jingine: kudhani kila PET ni FAPI. Nairobi kuna vituo vya PET, ikiwemo Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan na ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na kazi yao kubwa ni saratani kwa kutumia dawa ya sukari yenye mionzi, FDG. FDG inaonyesha chembe zinazokula sukari nyingi. Kwa moyo inaweza kusaidia kutafuta uvimbe wa sakoidosi au msuli ulio hai chini ya mshipa ulioziba. Haionyeshi fibroblasti. Ukiambiwa "tutakupiga PET ya makovu", uliza jina la dawa itakayodungwa.

Kwa nini haiwezi kuagizwa tu kwa ndege? Galiamu-68 inayotumika sana kwenye FAPI hupungua nusu kila baada ya dakika 68. Lazima itengenezwe pale pale, ichanganywe, ipimwe ubora na idungwe upesi. Iliyofungwa kwenye florini-18 hupungua nusu kwa dakika 110, nayo haivuki bara.

Uko Ulaya, na ripoti ya saratani imetaja moyo

Swali hili hutoka kwa ndugu zetu wanaotibiwa huko: wamepigwa PET ya FAPI kwa ajili ya uvimbe, na mstari mmoja wa ripoti unasema moyo umewaka. Fanya hivi:

- Usiache dawa ya saratani kwa uamuzi wako.
- Omba ripoti iandikwe ni sehemu gani ya moyo imewaka. Kuwaka kunakofuata eneo la mshipa mmoja kunaelekeza kwenye mishipa. Kuwaka kulikosambaa kunaweza kuwa presha, kisukari au dawa za saratani zinazougusa moyo.
- Peleka ripoti kwa daktari wa moyo, ufanyiwe ECG, eko, NT-proBNP na troponini, na upimwe presha na sukari.

Kinachoweza kuzuia kovu leo

"Kama sijapimwa, dawa itajuaje pa kwenda?" Haihitaji kujua. Enalaprili au losatani, spironolaktoni, na kushusha presha hadi kiwango kinachotakiwa, hupunguza msukumo unaoziamsha fibroblasti, na wenye moyo uliodhoofika huishi muda mrefu zaidi wakizitumia. Ila zina masharti:

- Spironolaktoni hupandisha potasiamu. Pima potasiamu na kreatinini wiki 1 baada ya kuanza, kisha wiki 4, na uendelee kadiri utakavyopangiwa.
- Epuka chumvi mbadala zenye potasiamu.
- Diklofenaki na ibuprofeni, hizi tunazonunua duka la dawa kwa maumivu ya mgongo, hushikilia maji mwilini na kuumiza figo. Kwa mgonjwa wa moyo ni hatari ya kweli. Muulize mfamasia dawa nyingine.
- Mwenye mimba, au anayepanga mimba, amwambie daktari kabla. Enalaprili na losatani humdhuru mtoto tumboni.
- Mwanamume akivimba matiti kwa spironolaktoni asiache kimyakimya. Arudi kliniki, kuna mbadala.

Jipime uzito kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai. Ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Neno kwa wasomaji wa Uganda na ukanda wa ziwa

Kuna ugonjwa wa makovu ya moyo ulioelezwa kwa ukamilifu Kampala: mwaka 1948 daktari Jack Davies aliuandika kutokana na maiti alizozichunguza Mulago. Unaitwa EMF, na makovu yake hufunika utando wa ndani wa moyo, hasa kwenye ncha. Huwapata watoto na vijana wa familia maskini. Dalili inayowapotosha wengi ni tumbo kujaa maji sana huku miguu ikivimba kidogo tu, kiasi kwamba mtoto hutibiwa ini kwa miezi. Mzazi, tumbo la mwanao likijaa maji, omba eko. Mtaalamu aliyezoea ugonjwa huu huona ncha ya moyo iliyozibwa na vyumba vya juu vilivyotanuka kupita kiasi. Hakuna haja ya PET wala galektini.

Ukialikwa kwenye utafiti

Vipimo vya fibroblasti vitakuja kwetu kwanza kwa njia ya utafiti, na natamani vije, kwa sababu moyo wa presha na moyo wa mzazi haujachunguzwa vya kutosha kwa picha hizi. Ukialikwa, usikimbie, wala usisaini haraka. Uliza:

- Kibali cha kamati ya maadili kiko wapi, na namba yake ni ipi?
- Nani analipia kipimo, nauli na matibabu nikidhurika? Mshiriki halipishwi kipimo cha utafiti. Ukidaiwa pesa, huo si utafiti unaokulinda.
- Nitadungwa mionzi mara ngapi? Kama una mimba au unanyonyesha, sema mapema.
- Damu yangu itahifadhiwa kwa muda gani, na itapelekwa nchi gani?
- Mkiona jambo la hatari, nitaambiwa, na nitapelekwa kwa daktari gani?

Kwa FAPI kwa kawaida huhitaji kufunga kula. Utawekewa sindano mkononi, utasubiri karibu saa moja, kisha utalala kwenye mashine. Kunywa maji ya kutosha baadaye, kwa kiasi ulichoruhusiwa na daktari wa moyo, na ukojoe mara kwa mara ili dawa itoke. Kabla hujaondoka omba nakala ya picha na ripoti kwenye CD au flashi, uiweke pamoja na eko zako za zamani, kwa tarehe, ili atakayekutibu miaka mitano ijayo awe na cha kulinganisha.